Unga Juu ya Jiwe

Mimi ni mtu wa hasira, na sioni kwa nini nifiche. Marehemu mume wangu Nicodemo alikuwa akisema nikikasirika hata mbuzi wanajua wapite upande gani. Kwa hiyo siku wazee wa Masieda waliponiita kilimani na kuniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama kuna jambo ninalolificha, niliwaka. Niliwaambia kama wanatafuta mwenye uchafu wakaanze na nyumba zao, maana mimi nilikaa metimani yangu yote peke yangu, nikazungumza na ng'ombe mpaka ng'ombe akanichoka.

Mzee Bura, aliyekuwa msemaji wao, akakohoa tu.

"Mama Lohay," akasema, "hatujakushtaki. Tumekuuliza."

Kuulizwa na kushtakiwa! Kama kuna mtu amewahi kuulizwa swali lile mbele ya watu wote wa kilima na asione ameshtakiwa, nileteeni nimwone.

Ninyi mliozaliwa juzi hamjui metimani ilivyokuwa, basi nisikilizeni. Siku zile za Mwingereza, bwana shauri alikuwa Mbulu na kodi yake, padri alikuwa misheni na kengele yake, na sisi huku vilimani tulikuwa bado na sheria yetu. Kifo kikiingia nyumbani mwako, ukafiwa na mume, au mimba ikaharibika, nyumba yako ina uchafu. Si dhambi, na hakuna anayekuchukia. Lakini unakaa kando. Huchoti maji kwenye chemchemi ya wote, hupeani mkono na mtu, huazimi moto kwa jirani. Ng'ombe wako wanalisha peke yao. Ukikutana na mtu njiani, wewe unapita juu na yeye anapita chini. Unakaa hivyo mpaka mwezi uandame mara ulizopangiwa, ndipo unanyoa nywele, unaoga, unarudi kwa watu. Mbaya ni yule anayeuficha uchafu wake akachangamana na wenzake kama hakuna kitu. Huyo, tuliamini, anawaletea watu ukame na vifo.

Na mwaka ule tulikuwa na ukame na vifo. Mvua ilikataa. Kisha kifaduro kikaingia kwa watoto, wakawa wanakohoa mpaka midomo inageuka rangi. Tulizika watoto wengi, sitaki kuwataja wote. Mmoja alikuwa mtoto wa Patriki, mjukuu wa Mama Tomaso, na Mama Tomaso alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya chemchemi, mwenzangu tangu tulipoolewa. Moto wangu ukizimika niliwasha kwake, na wa kwake ukizimika aliwasha kwangu. Siku ya kumzika mtoto yule nililia mpaka sauti ikakauka.

Sasa kwa nini mimi? Kwa sababu ya ukungu. Nilikuwa nimemaliza metimani ya Nicodemo katika msimu wa ukungu, na anayeijua Masieda anaujua ukungu wake, unakaa juu ya kilima kama ng'ombe mzee aliyegoma kuamka. Mwezi wa mwisho sikuuona ukiandama. Hakuna aliyeuona. Nilikaa nikakisia, nikajisemea kwamba huko juu ya ukungu lazima umeandama, nikanyoa, nikatoka. Wakati ule watu walinipokea vizuri, wakacheka nami, wakanipa maziwa. Watoto walipoanza kufa wakakumbuka kwamba mwezi haukuonekana.

"Ujichunguze," Mzee Bura akaniambia. "Mnada wa Dongobesh ukipita tutakutana tena. Kama ni wewe, useme mwenyewe, utarudi metimani, tutachinja, yataisha. Ukikana na sisi tukaona ni wewe, paa la nyumba yako litafunuliwa na utahama."

Yataisha! Yangeisha kwao. Kusema ni mimi kulikuwa ni kusema watoto wale wote niliwaua mimi, halafu niishi na mama zao mpaka nife. Na kuhama kulikuwa ni kumwacha Nicodemo amelala peke yake nyuma ya zizi. Halafu kulikuwa na Lohay. Mwanangu alikwenda Tanga kukata mkonge na hakuwa ameleta habari muda mrefu. Akirudi akakuta magugu mahali pa nyumba, atamuuliza nani mama yake yuko wapi? Nilishuka kilimani nimejifunika blanketi mpaka puani, na niliwaambia walioniona kwamba ni baridi.

Nataka niwaambie jambo moja kuhusu akili ya mtu. Ukiiuliza swali mara nyingi, itakupa jibu hata kama haina. Nilikuwa nasaga ulezi asubuhi, jiwe linakwenda mbele na nyuma, na kila likirudi linaniuliza: uliuona? Uliuona? Mwanzoni nilijibu kwa hasira. Baadaye nilianza kuhesabu. Nilihesabu kwa maziwa ya ng'ombe yalivyopungua, nikahesabu kwa mara nilizopita juu ya njia na wenzangu wakipita chini. Kila hesabu ilitoka tofauti. Ndipo nikakumbuka jinsi nilivyokuwa na hamu ya watu siku zile. Hamu, jamani! Nilikuwa nasikia kicheko cha Mama Tomaso ng'ambo ya chemchemi, natamani kuvuka nikacheke naye. Nikaanza kufikiri kwamba haikuwa akili yangu iliyohesabu ule mwezi wa mwisho. Hamu ndiyo iliyohesabu.

Basi kutoka hapo nikamkumbuka mtoto wa Patriki. Siku niliyotoka metimani alikuja mbio, nikampa hindi la kuchoma, nikamshika kichwani. Kwa mkono huu. Niliutazama mkono wangu kwenye jiwe la kusagia nikaona si wangu. Nilikuwa sijafanya kosa lolote, hilo ninyi mtalijua mwishoni, lakini siku zile mngenikuta mngesema huyu ni muuaji kweli, anashindwa hata kumeza uji.

Watu walianza kunikwepa. Si wote, lakini wa kutosha. Nikifika chemchemini, mitungi inanyanyuliwa haraka. Nikisalimia, najibiwa na mgongo. Niliwaza kwamba haidhuru, bado ninaye Tekla.

Tekla alikuwa mke wa Tomaso, mkwe wa Mama Tomaso. Mumewe alikuwa amewapeleka ng'ombe uwanda wa Balangdalalu kutafuta majani, kwa hiyo wanawake wale wawili walibaki peke yao. Mama yake Tekla alifariki zamani, na yeye ndiye aliyemlea mdogo wake Angela tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Hata mwanzoni mwa ukame alikwenda Dongobesh kumwoza huyo mdogo wake. Mimi nilimfundisha Tekla kupika pombe ya mtama, akawa ananiita mama. Akija kwangu haketi kwenye kigoda, anakaa chini karibu na moto na kunyoosha miguu, kama binti wa nyumbani.

Basi siku moja nikamwona anakuja na kikapu. Moyo wangu ukafurahi. Lakini hakuingia. Mlangoni mwa uwanja wangu kulikuwa na jiwe bapa, akaweka kikapu pale juu, akarudi nyuma mpaka kwenye ua wa minyaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia."

"Nimeleta unga kidogo. Nimesikia huendi tena kwa watu."

Nikamfuata, nikanyoosha mkono. Akaificha mikono yake ndani ya blanketi na kurudi nyuma tena. Nikashuka hatua, akarudi hatua. Wee! Sikuamini. Nilibaki na mkono wangu hewani kama mwombaji.

Siku ile nilirudi ndani. Lakini baada ya hapo nilimchunguza, na nilichokiona kilinimaliza. Tekla hakuwa akichota tena kwenye chemchemi yetu. Alikuwa anashuka na mtungi mpaka kijito cha bondeni, mbali kule, anapanda na maji anahema. Nikajisemea, loo, hataki hata kunywa ninapokunywa. Wazee wanauliza tu, huyu ameshahukumu.

Alipokuja tena na kikapu, nilikuwa nimeshapanga maneno.

"Kumbe na wewe!" nikamwambia. "Nilidhani wazee tu ndio wajinga. Nilikufundisha kupika, nikakuweka kwenye moto wangu, leo unaniwekea chakula juu ya jiwe kama mbwa mwenye kichaa?"

"Si hivyo, mama."

"Ni vipi?"

Akafungua mdomo. Nawaapia aliufungua, na nikaona jambo linakuja mpaka kwenye meno. Kisha akaufunga. Machozi yakamtoka, na mimi machozi yale yakanizidishia hasira, maana niliona kama anajililia mwenyewe wakati ninayefukuzwa ni mimi.

"Beba unga wako," nikasema. "Sili unga wa mtu anayenikimbia."

Hakuubeba. Akaondoka, na mimi nikauchukua ule unga nikawamwagia kuku mbele ya macho yake, akiwa bado anapanda njia. Mwaka wa njaa! Mama yangu angefufuka angenichapa. Kuku walikula, mimi nikaingia ndani nikakaa na njaa yangu na hasira yangu.

Nilimshtakia Mama Tomaso siku hiyo hiyo, kwa sauti, kutoka upande wangu wa chemchemi. "Mkweo ananiona mimi uvundo!" Nilitegemea atanijibu kwa maneno makali kama kawaida yetu, tugombane kidogo, yaishe. Lakini alikuwa anakanda ngozi, na hakuinua kichwa.

"Mwache," akasema. "Ana mambo yake."

Mnada ukapita. Tukaitwa kilimani, wanaume wakakaa juu, sisi wanawake chini yao. Tekla alikaa mwisho kabisa, mbali na wenzake. Mzee Bura akaniita nisimame, akauliza tena lile swali lake kwa upole ule ule.

Nikasimama. Na nisikilizeni vizuri: sikuwa na hasira tena. Nilikuwa nimechoka. Niliwatazama mama za watoto, nikaona ingekuwa nafuu kwao kupata mtu wa kumchukia, na labda ingekuwa nafuu kwangu pia. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Maneno yalikuwa mdomoni: labda ni mimi.

"Si yeye," sauti ikasema nyuma yangu. "Ni mimi."

Ni Tekla. Alikuwa amesimama, amejikumbatia kwa mikono yake miwili.

"Kabla ya harusi ya mdogo wangu, mimba yangu iliharibika," akasema. "Ilikuwa bado changa. Ningekaa metimani nisingemwona Angela akitoka nyumbani, na yeye hana mama, mama yake ni mimi. Nikaficha. Nikaenda Dongobesh, nikampaka siagi kwa mikono hii. Nikarudi nikachota maji pamoja nanyi." Akamtazama mke wa Patriki. "Nikakubebea mtoto wako ulipokwenda kukata kuni. Nisamehe. Tangu wamlaumu Mama Lohay sijalala."

Hapo ndipo vitu vyote vilinijia kwa mpigo: jiwe, mikono ndani ya blanketi, kijito cha bondeni. Hakuwa akinikimbia mimi. Alikuwa ananikinga na yeye mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimewamwagia kuku unga wake. Aibu iliyonishika hapo sijawahi kuipata tena, na nimeshaaibika mara nyingi.

Kabla Mzee Bura hajasema kitu, Mama Tomaso akanyanyuka.

"Wazee," akasema, "mkwe wangu anaumwa akili. Hakuna mimba iliyoharibika. Tunalala nyumba moja, ningekosaje kujua? Tangu mjukuu wangu afe huyu hali, halali. Anampenda Mama Lohay kama mama yake, sasa anataka kumbebea mzigo." Akacheka kidogo, kicheko kidogo kibaya. "Si mnamwona alivyokonda."

"Mama," Tekla akasema. "Mama, sema."

"Nimeshasema."

Tekla akamtazama. Hakumwita mwongo. Alisimama tu, kama mtu aliyetoa kitu mkononi na hakuna anayekipokea.

Mimi nilipiga kelele. "Anasema kweli huyu! Mimi nimemwona hachoti maji na sisi!" Lakini nani angenisikiliza? Mtu anayekaribia kufukuzwa atasema lolote. Nikasikia mwanamume mmoja anasema, si unaona, wamepanga. Mzee Bura akatingisha kichwa. Mama mkwe na mkwe wanalala chini ya paa moja, na neno la mama mkwe ndilo lililokuwa na uzito.

"Kaa chini, mwanangu Tekla," akasema. "Tumekuelewa." Halafu akanigeukia mimi. "Kesho ng'ombe wakishatoka, tutakuja kufunua paa."

Nilimtafuta Mama Tomaso kwa macho. Alikuwa anatengeneza blanketi lake begani, analivuta, analirudisha, analivuta tena.

Tuliposhuka, Tekla hakuingia nyumbani. Alikwenda akakaa upande wa juu wa njia, ng'ambo ya uwanja wangu, chini, juu ya udongo. Kama hawatamweka metimani, alijiweka mwenyewe. Ukungu wa jioni ulikuwa unapanda kutoka bondeni, ule wa baridi unaoingia mpaka kwenye mifupa. Mama Tomaso akatoka akamwita aje ale. Hakunyanyuka. Akamwita tena, akarudi ndani. Mimi nilimwambia, "Tekla, mwanangu, utakufa hapo," naye akanijibu, "Rudi nyuma, mama, tafadhali." Nikarudi nyuma. Ningefanya nini?

Asubuhi alikuwa pale pale, blanketi lake limekuwa jeupe kwa umande.

Wanaume wakaja. Nilikuwa nimejiapiza sitalia mbele yao, kwa hiyo nilijishughulisha. Nilitoa vyungu, nikatoa kigoda cha Nicodemo, nikakunja ngozi ya kulalia. Kisha nikachukua maji nikayamwaga mekoni mwenyewe, kwa mkono wangu, nisije nikaona mtu mwingine akifanya hivyo. Moto ule nilikuwa naufunika majivu jioni na kuufunua asubuhi tangu nilipoolewa. Ulilia kidogo, ukanyamaza. Patriki alikuwa ameshapanda juu ya paa, anang'oa nyasi na kuzitupa chini, na hakutaka kunitazama. Sikumlaumu. Alikuwa anadhani anamng'olea nyasi mtu aliyemuua mtoto wake.

Ndipo Mama Tomaso akaja kwenye njia. Alikuwa amebeba kigae cha chungu chenye makaa ya moto, anakwenda nacho polepole, moshi unamwingia machoni. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Tekla.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Jipashe. Baridi itakuua."

Tekla akajikokota, akasimama. Midomo ilikuwa imekauka. Akanyoosha kiganja mbele kumzuia.

"Usinikaribie, mama," akasema. "Wewe ni safi. Usije ukachafuka kwa ajili yangu."

Mimi ningekuwa yeye ningeyasema maneno yale kwa sumu, na kila mtu angejua ni sumu. Tekla hakuwa na sumu. Alikuwa anamwonea huruma. Alikuwa ameyapokea maneno ya mama mkwe wake, akayabeba kama kweli, ili asimwangushe mbele ya watu.

Mama Tomaso akasimama na kigae chake. Nikasikia makaa yanagongana ndani ya kigae. Akainua kichwa akamtazama mwanawe juu ya paa langu.

"Patriki," akasema. "Shuka."

"Mama?"

"Nimesema shuka. Iache hiyo nyumba."

Akakiweka kigae chini, katikati ya njia. Akavuka upande wa juu. Akakaa chini kando ya Tekla, bega kwa bega, akamvuta naye akae, akauchukua mkono wake na kuushika mbele ya watu wote wa Masieda. Kumshika mkono aliye metimani! Baada ya hapo hakuna maneno yanayoweza kukutoa.

"Nilizika mimi," akasema. Hakuwa akitwambia sisi, alikuwa anamwambia Patriki. "Nyuma ya zizi, kwa jembe langu. Huyu alitaka kusema tangu siku ile. Mimi ndiye niliyemwambia: mdogo wako hana mama, nenda, nani atajua. Nilimwonea huruma. Halafu nikaja kwako nikampakata mwanao kwa mikono hiyo hiyo. Jana nilishindwa, mwanangu. Ningesemaje? Nikisema ndiyo, basi mjukuu wangu nimemuua mimi. Nikaona bora aende Mama Lohay."

Patriki akateremka na nyasi zangu bado mkononi. Akaenda kwa mama yake mbio, na mpaka leo sijui kama alikuwa anakwenda kumpiga au kumkumbatia, maana Mzee Bura alimdaka mkono kabla hajavuka njia. Sheria ilikuwa imeshawatenga. Patriki akabaki amesimama anamlilia mama yake kwa mbali, na mama yake anamlilia kwa mbali, na njia iko katikati yao.

Sista wa zahanati ya misheni alituambia baadaye kwamba kifaduro kilipita Dongobesh, kikafika mpaka Katesh, kikaua watoto wa vilima ambavyo havijawahi kumsikia Tekla. Labda. Mimi si daktari. Mama Tomaso alipelekewa maneno hayo, akayasikiliza, akaitikia kwa kichwa, na hayakumsaidia chochote.

Wanaume walizirudisha nyasi nilizong'olewa, na Mzee Bura akakohoa mbele yangu kwa muda mrefu. Nikamwambia nitamsamehe siku atakapoacha kuuliza watu maswali. Lakini meko yangu yalikuwa yamekufa, na moto wa karibu ulikuwa ule wa kwenye kigae katikati ya njia. Hakuna aliyeweza kuugusa. Ulikuwa umetoka nyumba yenye uchafu, na wenye nyumba walikuwa wameshakaa juu. Tulisimama pande zote mbili tukautazama ukigeuka majivu. Nilikwenda mbali sana siku ile kuazima moto.

Nilipouwasha, nilisaga. Nilipima unga wa mtu mmoja, nikauweka kwenye kikapu. Nikafika mlangoni nikasimama. Nilisimama pale nikigombana na nafsi yangu, na nafsi yangu ina mdomo kama mimi. Mama Tomaso aliniuza! Aliniacha niumwagie moto wangu maji! Halafu nikaukumbuka mkono wangu kwenye jiwe la kusagia, siku zile nilipoona si wangu. Mimi niliubeba mzigo ule siku chache na haukuwa hata wangu. Yeye atakuwa nao mpaka kaburini.

Nikarudi nikaongeza unga.

Walikuwa wamerudi nyumbani kwao kukaa metimani, na kulikuwa na jiwe karibu na ua wao. Nikaweka kikapu juu yake, nikarudi nyuma mpaka chini ya njia, nikamwita. Tekla akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" Ilibidi nipige kelele. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya polepole, ya mtu na mwanawe, lakini kwa umbali ule huwezi kunong'ona msamaha. "Tekla! Nisamehe! Ule unga wako niliwamwagia kuku!"

Kilima kizima kilisikia. Nikaona watu wanatoka milangoni.

"Najua, mama," akajibu. "Niliwaona kuku."

Akainama akakichukua kikapu. Akakipima mkononi, akanitazama.

"Mama, ni mzito. Mimi siwezi kuumaliza peke yangu."

"Ni wa wawili!" nikapiga kelele. "Umesikia? Mwambie ni wa wawili!"

Mama Tomaso alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani na nusu nje. Akajifunika uso kwa blanketi, akakaa chini pale pale kwenye kizingiti.